Wamesema Nini? Shajara ya Sinema za Sikukuu

Jumamosi, 30 Novemba 2024

Nimeona Gladiator II, onyesho la saa kumi jioni. Tiketi yangu ilikuwa ya kiti G9, na kijana mmoja naye alikuwa na tiketi ya G9. Tulilinganisha karatasi zetu kwa mwanga wa simu, zote halali, kisha yeye akahamia G10 na mwenye G10 hakutokea. Kiyoyozi kilinidondoshea maji begani tangu vita vya Numidia mpaka tumefika Roma.

Ridley Scott ametimiza miaka 87 leo hii, na bado anaweza kupanga merikebu, farasi na maelfu ya watu ndani ya fremu moja ukajua nani yuko wapi na anamkimbia nani. Waongozaji wengi wenye nusu ya umri wake hawawezi. Lakini hadithi inakanyaga nyayo zilezile za Gladiator ya kwanza, ya mwaka 2000: askari anafiwa na mke, anauzwa utumwani, anafundishwa kupigana, anasimama mbele ya kaisari akiwa na kisasi moyoni. Paul Mescal anajitahidi, ila kila anaponyamaza unamkumbuka Russell Crowe. Kuna papa ndani ya Colosseum. Waandishi wa kale wameeleza kwamba uwanja ule ulipozinduliwa mwaka 80 ulijazwa maji ukafanyiwa maigizo ya vita vya baharini. Papa wameongezwa na Hollywood, nao hawatishi.

Aliyenishika ni Denzel Washington. Anacheza Macrinus, mfanyabiashara wa wapiganaji anayetaka kiti cha enzi, na anaicheza kwa mikono: anarekebisha vazi, anazungusha pete, anacheka kwanza ndipo anatoa amri ya kuua. Macrinus wa kweli alizaliwa Caesarea, pwani ya Algeria ya leo, akawa kaisari mwaka 217 bila ya kupitia useneta, na mwaka uliofuata akauawa. Hiyo ndiyo picha niliyotamani kuiona: Mwafrika wa Kaskazini anayepanda ngazi za Roma kwa akili yake. Wametupa vipande vyake tu, vimebanwa kwenye hadithi ya kijana mwingine.

Jumapili, 1 Desemba

Shangazi amefika kutoka Tanga. Atakaa mpaka baada ya mwaka mpya. Pale Stendi ya Magufuli mfuko wake wa machungwa ya Muheza ulipasuka chini, machungwa yakasambaa katikati ya mabasi. Makuli wawili na mama muuza maji walitusaidia kuokota. Machache yalikanyagwa na basi la Mbeya lililokuwa linarudi nyuma.

Jioni aliniuliza siku hizi mjini kuna picha gani. Miaka ya sabini alisomea uuguzi hapa Dar es Salaam, na siku za mapumziko yeye na wenzake walikuwa wateja wa Avalon, Empire na Odeon. Siku mwenye gari akipatikana, walikwenda Drive-in ya Msasani, wakajazana kiti cha nyuma. Pale Drive-in sasa pana ubalozi wa Marekani, lakini watu wa daladala bado wanapaita kwa jina la zamani. Hajaingia ukumbi wa sinema tangu arudi Tanga. Nimemwahidi kwamba msimu huu ataona kila nitakachokiona, kama miguu itakubali.

Jumamosi, 7 Desemba

Moana 2, mimi, shangazi na mpwa wangu wa miaka saba. Ngazi za umeme zilinasa kandambili ya shangazi pale juu zinapoishia. Mlinzi alibonyeza kitufe chekundu, ngazi zikasimama, watu wote waliokuwa nyuma yetu wakapanda kwa miguu. Kandambili imetoka bila kisigino.

Picha yenyewe imenisikitisha. Bahari imechorwa vizuri ajabu. Kuna usiku mmoja maji yanang'aa kutoka chini mpaka mpwa wangu akanishika mkono. Ila hadithi haina uti wa mgongo. Kazi hii ilianza kama tamthilia ya vipindi kwa ajili ya huduma ya Disney ya kutazama mtandaoni, ndipo mwanzoni mwa mwaka huu wakatangaza kwamba itakuwa filamu ya sinema. Viungo vyake vinaonekana. Moana anapewa mabaharia watatu wapya, kila mmoja anatambulishwa kana kwamba atakuwa na kipindi chake, kisha hapati cha kufanya. Maui anafungiwa pembeni muda mrefu. Adui mkuu, mungu wa dhoruba, hatumwoni uso wake mpaka majina ya wasanii yameanza kupita. Na nyimbo, ambazo ile ya 2016 ilizitegemea, safari hii mtoto hakutoka na hata moja mdomoni. Kwa siku tano za mwanzo Marekani wameingiza zaidi ya dola milioni 220, kwa hiyo ya tatu hatutaikwepa.

Lakini lililoniuma zaidi ni jingine. Shangazi Kiingereza chake ni cha wodini: joto, mapigo ya moyo, dawa mara mbili kwa siku. Kila baada ya dakika alininong'oneza, "Wamesema nini, baba?" nami nikamnong'oneza jibu, na nilipomaliza sentensi moja wao walikuwa wamesema tatu. Bwana mmoja nyuma yetu alituomba tunyamaze. Alikuwa na haki yake, naye amelipa. Shangazi akanyamaza. Saa nzima iliyobaki alikaa wima na pochi mapajani, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa jina.

Usiku nimewaza jambo hili. Moana ya kwanza ilitiwa sauti za Kitahiti, na mwaka 2017 ikatoka ya Kimaori. Wanaokisema Kimaori ni wachache kuliko wakazi wa Temeke. Sioni kijicho kwao, nawapongeza. Nauliza tu ni nani amekwenda kukaa mbele ya kampuni hizi kwa niaba yetu.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Barabara zilikuwa nyeupe, tulifika nusu saa kabla na kukuta mashine ya bisi imeharibika, kwa hiyo tumekula karanga za shangazi.

Tumeona Pushpa 2, kwa Kihindi, na maandishi ya Kiingereza chini. Ina saa tatu na dakika ishirini. Niliogopa kwamba atachoka. Yeye ndiye aliyenieleza mimi! Picha za Kihindi alizoziona ujanani zimemwachia maneno mengi kuliko anavyokiri: baba, mama, heshima, rafiki, kisasi, naapa. Alicheka kabla ya ukumbi kucheka. Stelingi alipoingia akapiga makofi, na wazee wawili wa Kihindi waliokaa mstari wa mbele wakageuka, wakamwamkia.

Pushpa ni kibarua aliyegeuka mfalme wa magendo ya msandali mwekundu, na Allu Arjun anamcheza bega moja juu, kidevu mbele, kiburi kitupu cha mtu aliyedharauliwa utotoni. Kwa sehemu ya kwanza alipata tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa India, wa kwanza kutoka sinema ya Kitelugu. Katika hii kuna sherehe ya mungu wa kike Gangamma, ambapo anavaa sari, anapakwa rangi ya buluu, na anacheza ngoma kwa hasira na unyenyekevu kwa pamoja mpaka mwili unamtetemeka. Msimu huu sijaona mwigizaji aliyejitoa kiasi hicho mbele ya kamera. Saa ya mwisho imezidi damu na imezidi urefu, na ningeikata bila huruma. Ngoma ile nisingeigusa.

Katikati ya picha umeme ulikatika. Jenereta ilishika, taa za ukutani zikawaka, skrini ikabaki nyeusi. Nilitoka kuuliza, na fundi wa projekta, kijana mpole mwenye kalamu sikioni, akaniruhusu kuchungulia chumba chake. Taa ya projekta haiwashwi ikiwa bado ya moto, lazima ipoe kwanza, na mashine yenye picha nayo inachukua muda kuamka. Akanionyesha namna filamu inavyokuja: faili kubwa kwenye diski, limefungwa kwa msimbo, na ufunguo wake hutumwa peke yake. Ufunguo huo unafungua kwenye mashine moja tu, kwa tarehe zilizotajwa tu. Siku zikiisha, diski haina kazi. Nikamuuliza kuhusu maandishi ya chini. Akasema ni faili dogo la pembeni, maneno na saa zake tu, filamu yenyewe haiguswi. Nikamuuliza kama amewahi kupokea la Kiswahili. Akasema hajawahi, kisha akaenda kuwasha taa.

Nimelirudia jibu lile njia nzima. Nilidhani kikwazo ni kikubwa, mitambo na mamilioni, kumbe ni kazi ya mtafsiri mmoja mzuri na saa zake.

Ijumaa, 13 Desemba

Habari kutoka Hyderabad zinasema Allu Arjun amekamatwa, baadaye mahakama imempa dhamana. Usiku wa kuamkia uzinduzi wa picha ile watu walisongamana kwenye ukumbi alikokuwa amefika, mama mmoja akafariki. Alikwenda kuangalia picha, kama sisi. Shangazi amesoma dua, na redio tumeizima mapema.

Jumamosi, 14 Desemba

Wicked. Shangazi ana mafua, mpwa ana mafua, nimekwenda peke yangu. Dada aliyekaa kushoto alimwaga soda kwenye kiatu changu, akaomba radhi sana na kunipa tishu zake zote. Soksi ilikauka tulipofika mji wa Zumaridi.

Hii ndiyo filamu bora ya Marekani niliyoiona msimu huu, na nasema hivyo nikiwa na malalamiko. Ina dakika 160, nayo ni nusu tu ya mchezo wa jukwaani wa mwaka 2003. Nusu ya pili ni Novemba mwakani. Bango la mlangoni halisemi kwamba ni sehemu ya kwanza. Kuna waliotoka wakiuliza imeishaje, nao walikuwa na sababu. Picha nyingi zimepigwa mwanga ukitoka nyuma, rangi zikafifia, na ni hasara kubwa, maana walipanda tulipu milioni tisa za kweli shambani Uingereza kwa ajili ya kijiji kimoja tu.

Lakini Cynthia Erivo! Ni mzaliwa wa London wa wazazi wa Nigeria, na yeye na Ariana Grande waliimba moja kwa moja mbele ya kamera badala ya kufungulia sauti iliyorekodiwa studio, na unasikia pumzi. Kuna tukio la dansi. Elphaba, msichana wa kijani, amevaa kofia aliyopewa ili achekwe. Anaingia katikati ya ukumbi, anaona wanacheka, na badala ya kukimbia anaanza kucheza peke yake, taratibu, bila muziki. Kamera haimwachi. Kisha Glinda, aliyempa ile kofia, anakuja kumwiga hatua kwa hatua, mpaka kejeli inageuka urafiki. Hakuna neno wanaloambiana. Katika kimya kile ukumbi wa jirani ulikuwa unapiga mizinga, kuta zikitetemeka, na bado hakuna aliyekohoa kwetu.

Na yule mbuzi mwalimu! Katika nchi ya Oz wanyama walikuwa wanazungumza, na sasa wananyang'anywa usemi. Mwalimu mpya analeta darasani mwanasimba ndani ya kizimba na kueleza kwamba akikulia humo hatajifunza kusema kamwe. Nilitamani shangazi angekuwepo aone, na papo hapo nikajua kwamba angeona tu mtoto wa simba kwenye kizimba, kwa sababu ubaya wote wa tukio lile umo kwenye maelezo.

Jumanne, 17 Desemba

Mvua, umeme hakuna, betri ya simu imekwisha. Tumekaa barazani na shangazi akanisimulia Mao Doudou. Watu wazima wa Tanzania wanaikumbuka: tamthilia ya Kichina kuhusu bi harusi na mama wakwe, iliyotiwa sauti za Kiswahili ikaonyeshwa TBC mwaka 2011. Shangazi anakumbuka ugomvi wa jikoni, nani alimnunia nani, na suluhu ilikuja vipi. Beijing hajaikanyaga, ila mama mkwe yule anamjua. Ilipendwa kiasi kwamba Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja. Wachina walielewa kwamba ukitaka kuingia sebuleni kwa mtu unabisha hodi kwa lugha yake.

Nasi wenyewe tulishalijua hili. Kabla ya hapo, kwenye mabanda ya video, alikuwepo Lufufu akisimulia picha za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, na upande wa Kenya DJ Afro amejenga jina zima kwa kazi hiyo. Walioketi kwenye mabenchi yale walicheka na kulia kwa wakati mmoja na picha. Walioketi kwenye viti vya kuegemea mjini wengine wanacheka kwa kuwafuata majirani.

Ijumaa, 20 Desemba

Mufasa, siku ya kwanza. Ukumbi umejaa mpaka mstari wa mbele kabisa, watoto wamekaa mapajani kwa wazazi. Tulipata viti pembeni, shangazi katikati yetu, sikio lake la kulia upande wangu.

Inaanza kwa maandishi ya kumkumbuka James Earl Jones, aliyefariki Septemba akiwa na miaka 93. Ni yeye aliyempa Mufasa sauti mwaka 1994 na tena 2019. Baba mmoja nyuma alipiga makofi peke yake, kisha ukumbi wote ukamfuata. Nilifurahi kuwa miongoni mwao.

Barry Jenkins ndiye mwongozaji. Filamu yake Moonlight, iliyopata Oscar ya filamu bora mwaka 2017, ni kati ya kazi ninazozipenda kuliko zote, kwa jinsi anavyoacha uso wa mtu ukae mbele yako mpaka umjue. Hapa amejaribu kufanya vivyo hivyo kwa simba. Kamera inakuja karibu, inazunguka, inaogelea nao. Mafuriko yanayomtenga Mufasa na wazazi wake ni kazi kubwa. Maji yanakuja yakiwa na magogo, na mtoto anapiga mikono akimwita mama. Lakini simba aliyetengenezwa afanane na simba wa Serengeti hana nyusi wala midomo ya kuonyesha huzuni, na mara nyingi sauti inalia huku uso umetulia tuli. Simba wa kuchorwa kwa mkono wa 1994 walikuwa na nyuso. Na kila hadithi inaposhika kasi, tunarudishwa pangoni kwa Timon na Pumbaa watuchekeshe. Ningewatoa wote wawili.

Katikati ya wimbo wa Mufasa na nduguye Taka wakiwa watoto wanashindana mbio, wimbo wa Lin-Manuel Miranda ambao ndio bora kuliko nyingine zote humu, mpwa wangu alisema jino lake limetoka. Lilikuwa linacheza tangu juzi na bisi ngumu imelimaliza. Halikuwa mdomoni wala mkononi. Tulilitafuta kwa tochi ya simu chini ya viti vya watu, binti anayeonyesha watu viti akaja na tochi kubwa, na hatimaye shangazi akalikuta ndani ya boksi la bisi, akalifunga kwenye pindo la khanga. Tulipoinua macho simba walikuwa wameshakuwa wakubwa.

Hilo la jino ni la kawaida. La maneno ndilo linaloniuma. Hadithi hii inasimama juu ya mazungumzo mafupi sana: Obasi, baba yake Taka, anamfundisha mwanawe kwamba udanganyifu ni silaha ya mfalme. Usaliti wote wa baadaye unachipuka hapo. Nilikuwa bado namweleza shangazi kwamba Eshe ni mama wa Taka na amemlea Mufasa, sentensi ya Obasi ikapita, sikuirudia, na mbele akamwona Taka anamgeuka ndugu yake bila sababu. "Kijana alikuwa mzuri," akasema, "kapatwa na nini?"

Simba, Rafiki, nchi ya Milele. Watoto wa mstari wa mbele waliyatamka majina hayo kwa sauti kila yalipotajwa. Wachoraji wa ile filamu ya mwanzo ya 1994 walikwenda Kenya kutazama nyika ndipo wakachora. Ile ile ya mwanzo ilitiwa sauti za Kizulu. Leo miaka 30 baadaye, mji mkubwa wa Waswahili, ukumbi umejaa, na hakuna mstari hata mmoja wa Kiswahili chini ya picha. Naipenda sinema kupita kiasi, na siwezi kuliona hilo kuwa jambo dogo.

Jumatatu, 23 Desemba

Nimeandika barua kwa meneja wa ukumbi. Printa ya mtaani ilimeza karatasi ya kwanza na kutoa ya pili ikiwa na mstari mweusi katikati. Ya tatu ilisomeka. Meneja alikuwa ametoka, nimeiacha kwa mkata tiketi.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Gesi iliisha pilau ikiwa nusu, tumemalizia kwa mkaa wa jirani. Baada ya chakula watoto wa jirani walimtaka shangazi awasimulie Mufasa, naye akawasimulia kama alivyoiona. Katika masimulizi yake Taka ni mtoto aliyeibiwa nafasi na mgeni, na Mufasa akapewa yote kwa sababu ni mzuri wa sura. Watoto walimhurumia Taka sana. Nimesikiliza bila kumkatiza. Amejenga hadithi nzima kwa macho yake, na imeshikana. Lakini si aliyoitengeneza Jenkins, na Jenkins alistahili kusikika naye.

Alhamisi, 26 Desemba

Sonic 3, chaguo la mpwa. Miwani yake haikuwa na mkono mmoja, aliishikilia kwa kidole muda wote. Jim Carrey anacheza watu wawili, mjukuu na babu, na anawacheza kwa nguvu ya kijana. Keanu Reeves anampa sauti Shadow, mwenye majonzi kuliko filamu inavyoweza kuyabeba. Watoto walifurahi. Huko Marekani imeishinda Mufasa wikiendi ya kwanza. Mimi sina zaidi.

Jumamosi, 28 Desemba

Tumerudi kwa Mufasa, onyesho la asubuhi, mimi na shangazi. Bajaji ilipata pancha Mwenge, tukatembea kipande. Ukumbini walikuwepo watu wachache: mama na wanawe wawili katikati, vijana watatu mbali kabisa huko mbele. Tulikaa nyuma, nami nikamtafsiria shangazi kwa sauti ya kawaida, si ya kunong'ona, kwa kuwa hapakuwa na wa kumkera.

Baada ya muda yule mama aligeuka. Nikajua tumewasumbua. Akasema, "Kaka, samahani, ongeza sauti kidogo, na huyu wangu mdogo anataka kusikia." Wakahamia mstari wa mbele yetu. Vijana nao wakarudi nyuma, mmoja akanikosoa nilipokosea jina la Kiros, mfalme wa simba weupe, na kuanzia hapo tukagawana kazi: mimi Mufasa na Rafiki, yeye Kiros na Taka. Ana sauti nzuri ya ubaya.

Tulipofika kwa Obasi nilisema taratibu. Shangazi aliinama mbele. "Aaa," akasema. "Kumbe ni baba yake." Walipofika milimani kwenye theluji, Taka anaanza kubadilika, na shangazi alikuwa anatikisa kichwa kabla Taka hajafanya lolote, kama anavyofanya mtu aliyeshaona ugonjwa unakokwenda. Mwisho alilia. Mtoto wa yule mama alimpa tishu.

Picha ni ileile niliyoiona Ijumaa ya wiki iliyopita, na makosa yake yapo palepale. Timon na Pumbaa bado wanakera. Ila leo nimeona Jenkins alichokuwa anakitafuta: ndugu wawili wanaopendana kweli, na neno moja la mzazi linalooza taratibu kati yao. Kwa wenye kuisikia yote, ni filamu nzuri kuliko nilivyoihukumu mara ya kwanza.

Alhamisi, 2 Januari 2025

Meneja amepiga simu mwenyewe. Mtandao ulikatika katikati, akapiga tena. Anasema barua ameisoma, na kwamba wao wanapokea faili kama linavyotumwa na msambazaji. Asiyeagiza Kiswahili hapewi Kiswahili. Nikamuuliza kama yeye ameshawahi kuagiza. Akanyamaza kidogo, akasema hapana, na akanipa anwani ya kumwandikia msambazaji, akaahidi kuongeza barua yake juu ya yangu. Nimemwamini.

Kwa hiyo leo nimeandika tena. Nimeomba jambo moja linalowezekana: kwa kila filamu ya watoto na familia msimu wa sikukuu, onyesho moja kwa siku lenye maandishi ya Kiswahili, hata kama ni la asubuhi. Nimewakumbusha kwamba Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilipokwenda tamasha la Toronto mwaka 2021 iliwekewa Kiingereza chini ili Wakanada waielewe, na hakuna aliyeona ni mzigo. Nimetaja wasiojua kusoma, kwamba kwao maandishi hayatoshi, na kwamba wasimulizi wa mabanda wapo, wanajua kazi, wanaweza kulipwa.

Shangazi anaondoka kesho na basi la saa kumi na mbili. Ameuliza nusu ya pili ya Wicked inatoka lini, nikamwambia Novemba, akasema atakuja, kwa sharti kwamba nimsimulie nusu ya kwanza njia nzima bila kuruka kitu. Kisha akataka barua isomwe mbele yake, na akataka naye atie sahihi kama mteja aliyelipa. Kalamu iliisha wino katikati ya jina lake. Mpwa amekwenda dukani kununua nyingine.